Juu ya Jina "Mara": Umbo Moja na Asili Nyingi

Ni machache majina ya mahali katika Tanzania ya kaskazini yaliyobebeshwa mizigo mingi kama jina Mara. Kwanza ni jina la mto utokao katika miinuko ya Mau nchini Kenya, ukapita katika mbuga za Wamaasai, ukavuka mpaka na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kwa upande wa kaskazini, kisha ukashuka magharibi kati ya wilaya ya Tarime na wilaya ya Serengeti mpaka kwenye mabwawa ya mafunjo na Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Safari ya kilomita 395 hivi. Pili ni jina la mkoa mzima. Tatu, wakati wa utawala wa Waingereza lilikuwa jina la wilaya mbili, Mara ya Kaskazini yenye makao yake Tarime, na Mara ya Kusini yenye makao yake Musoma. Majina hayo ya wilaya yaliachwa baada ya Uhuru, lakini moja lao limebaki katika vazi lake la Kiingereza, North Mara, juu ya mgodi wa dhahabu wa Nyamongo ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2002. Hata vijana wengi wasiojua kwamba palikuwa na wilaya ya jina hilo hulitamka kila siku. Nne ni jina la hifadhi ya wanyama upande wa Kenya, Masai Mara, iliyowekwa mwaka 1961. Mwisho, wanaisimu nao wamelichukua: David Schoenbrun na wengine waliofuata huita Kikuria, Kingoreme, Kiikoma, Kinata, Kizanaki, Kiikizu na jamaa zake kwa jina la kundi moja, yaani lugha za Mara.

Jina lililofanya kazi nyingi hivi, mtu angetazamia kwamba asili yake imekwisha kuchunguzwa. Haikuchunguzwa; imerudiwa tu. Vitabu vya watalii husema kwa kauli moja kwamba Mara ni neno la Kimaasai lenye maana ya "madoadoa", kwa sababu mtu akisimama kilimani huona miti, vichaka na vivuli vya mawingu vimetapakaa juu ya nyasi kama madoa juu ya ngozi. Ni maelezo mazuri ya kusikia, na mtu aliyeiona nchi ile hawezi kukana kwamba yanafanana nayo. Kutoka katika vitabu hivyo maelezo yameingia katika maandishi ya watu wetu wenyewe, mpaka mtoto wa Tarime, ambaye babu yake na babu wa babu yake walinywesha ng'ombe katika mto huo, asoma kwamba jina la mto wa kwao lilitungwa na watu wengine, katika lugha nyingine, kwa kuitazama nchi nyingine iliyo ng'ambo ya mpaka.

Kusudi la makala haya si kuliondoa jina mikononi mwa Wamaasai na kulitia mikononi mwa Wakuria. Jambo hilo ndilo hasa ambalo mwanafunzi wa lugha anapaswa kujihadhari nalo, kwa maana katika nchi ile habari ya majina haiko mbali na habari ya ardhi. Wanata, Waikoma na Waishenyi waliokuwa na mashamba, mawindo na mahali pa matambiko katika sehemu ambazo tangu mwaka 1951 zimekuwa ndani ya Hifadhi ya Serengeti, hawasahau. Na Jan Bender Shetler ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2007, Imagining Serengeti, jinsi wazee wa magharibi ya Serengeti wanavyoishika nchi hiyo kwa kuyashika majina yake. Basi anayesema "jina hili ni la fulani" amesema zaidi ya neno la sarufi, naye anawajibika kuonyesha ushahidi.

Nitaanza mbali, kwa sababu jambo hili limechunguzwa vizuri zaidi penye maandishi ya miaka mingi. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, mwanafunzi mwenzangu Mswidi aliposikia kwamba kazi yangu yahusu lugha za mto Mara, alicheka sana. Kwao mara ni pepo anayemwendea mtu usingizini na kumkalia kifuani hata asiweze kupumua. Ndilo jinamizi la kwetu. Neno hilo ni la kale sana katika lugha za kaskazini ya Ulaya. Wajerumani walilisema Mahr. Wapolandi wana mara kwa maana ya kivuli au mzimu, na zmora kwa jinamizi lenyewe. Waingereza wamelihifadhi katika nightmare, na Wafaransa waliliazima kutoka kwa jirani zao wa kaskazini wakalitia mkiani mwa cauchemar, ambayo sehemu yake ya kwanza yatoka katika kitenzi chenye maana ya kukanyaga. Haya yote ni neno moja, na wataalamu waliweza kuthibitisha hivyo kwa kuwa sauti zake hulingana lugha kwa lugha kwa kawaida ile ile inayoonekana katika mamia ya maneno mengine.

Lakini Kiingereza kina mare nyingine, nayo maana yake ni farasi jike. Mtu asiye na habari akisikia nightmare husema: "Kumbe ni farasi wa usiku." Sivyo. Neno la farasi lilikuwa na umbo tofauti katika Kiingereza cha kale, nalo lina ndugu zake katika Kijerumani na katika Kiwelshi. Limekuja kufanana na neno la pepo kwa sababu tu sauti za Kiingereza zilibadilika, kama vile njia mbili za ng'ombe zinavyokutana penye kivuko kimoja. Watu wakishaona mfanano hawauachi. Mwaka 1781 Henry Fuseli, mchoraji mzaliwa wa Uswisi aliyekaa London, alichora picha mashuhuri ya jinamizi: mwanamke amelala chali, kiumbe cha kutisha kimemkalia kifuani, na nyuma yake, kati ya mapazia, kichwa cha farasi chenye macho meupe kinachungulia. Yule aliyekaa kifuani ndiye mara wa kale. Farasi aliingizwa na sikio.

Mfano wa pili ni mfupi zaidi, nao waonya zaidi. Warumi waliita bahari mare, na katika Kiromania, ambacho ni mtoto wa Kilatini, mare ni bahari hata leo. Lakini katika Kiromania hicho hicho mare ni pia "kubwa", na bahari kubwa husemwa kwa kulirudia umbo lile lile pande zote mbili. Mgeni angeapa kwamba bahari iliitwa hivyo kwa ukubwa wake, au ukubwa kwa bahari. Wataalamu wa Kiromania hawasemi hivyo: bahari yatoka katika neno la Kilatini la bahari, na "kubwa", kwa maoni ya wengi wao, yatoka katika neno jingine la Kilatini lililohusu dume. Yako karibu kwa sauti, na yaweza kukaribiana kwa maana, wala hayana udugu.

Tena uko mfanano wa sauti na maana pamoja, ambao ndio mtego mkubwa kuliko yote. Kila msomaji wa Biblia amkumbuka Naomi katika kitabu cha Ruthu, aliyewaambia watu wa Bethlehemu wasimwite tena Naomi bali wamwite Mara, kwa kuwa amepatwa na uchungu. Na katika kitabu cha Kutoka pana mahali paitwapo Mara kwa ajili ya maji yake machungu. Hilo ni neno la Kiebrania. Kilatini nacho kina amara, yaani kitu kichungu kikiwa cha jinsia ya kike. Sauti karibu zile zile, maana ile ile, na baina ya lugha hizo mbili hapana ukoo wowote wa neno hili! Kiebrania kimelipata katika mzizi wa Kisemiti wa konsonanti m-r-r. Kilatini kimelipata katika shina la Kizungu cha kale lililohusu kitu kibichi. Ni sadfa. Nawaomba wale wanaosema "haiwezekani maneno mawili yafanane kwa sauti na kwa maana yasiwe na asili moja" waukumbuke mfano huu mmoja. Wala si haja kwenda Roma: katika Kigusii, jirani wa karibu sana wa Kikuria, mtoto akimwita mama yake husema baba, na mgeni aliyekuja na Kiswahili chake huduwaa.

Sasa turudi Afrika Mashariki. Katika Kiswahili mara ni neno la Kiarabu, marra, lenye maana ya tukio moja la jambo lirudiwalo, nalo latoka katika mzizi m-r-r wa kupita. (Waarabu wana pia murr, "chungu", katika konsonanti zile zile, nayo ni ndugu ya Mara wa Naomi, lakini kamusi zao huzitenga maana hizo mbili.) Kiswahili kimelifanya neno hilo kuwa lake kabisa. Twasema mara ya kwanza, mara kwa mara, mara mbili. Twasema mara moja na kumaanisha ama hesabu ama haraka. Na msimulizi asemapo "mara akatokea simba" ametumia neno la kuhesabu kuleta mshangao, jambo ambalo Waarabu hawakutufundisha. Kwa ustadi wake huo wa kuingia popote, neno hili lafaa sana kwa mzaha. Mtu aweza kuivunja marahaba akasema ni "mara" na "haba", ingawa neno hilo ni la salamu ya Kiarabu tangu mwanzo mpaka mwisho, na watu wa mkoa wa Mara wenyewe hawakosi wa kuwatania kwamba wao ni mara hivi mara vile. Lakini hapana atakayeshikilia kwa dhati kwamba mto ulipewa jina na Waswahili. Misafara ya pwani ilichelewa kufika katika nchi ile, na majina ya mito mikubwa hayangojei wafanyabiashara.

Je, ni neno la Kibantu? Hapa uwanja ni mpana, nao unamtia mtu tamaa. Uko mzizi wa kale wa Kibantu wenye maana ya kumaliza, ambao katika Kiswahili twaukuta ndani ya maliza, na katika kumala ya lahaja za kaskazini na ya washairi. Katika Kinyarwanda na Kinyankore sauti yake imekuwa r: kumara, okumara. Tena uko mzizi mwingine wenye maana ya utumbo, ambao wingi wake katika lugha hizo ni amara, na katika Kikuyu mara bila irabu ya mwanzo. Basi yatosha kuangalia ramani. Mto Mara unapotoka katika hifadhi na kuteremka kati ya Tarime na Serengeti hujipinda na kujikunja kama matumbo ya ng'ombe aliyepasuliwa. Au, kwa njia ya pili, hapo ndipo maji ya Mau yanapomalizikia, kwa kuwa mbele ni ziwa. Maelezo haya mawili nimeyatunga mimi sasa hivi, mezani kwangu, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Sina ushahidi wowote juu yake. Walakini yakichapwa katika kitabu chenye picha nzuri yataaminiwa sawasawa na yale ya madoadoa, na baada ya miaka ishirini mtu atayanukuu kama mapokeo ya wazee.

Kuna sababu moja kubwa inayofanya kazi ya namna hii iwe rahisi hivyo, nayo ni uandishi wetu. Herufi nne m, a, r, a hazionyeshi yote yaliyo katika sauti. Kiswahili hakina toni. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Kikuria kina toni, tena toni za ajabu zilizowashughulisha wataalamu tangu W. H. Whiteley alipoandika tasnifu yake juu ya kitenzi cha Kikuria katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1955: katika vitenzi vyake sauti ya juu haikai mahali pamoja, bali huwekwa kwa kuhesabu kutoka mwanzo wa shina, ya kwanza, ya pili, ya tatu, au ya nne, kwa kadiri ya wakati unaotajwa. Aidha lugha hiyo yatenga irabu fupi na irabu ndefu, na irabu zake ni saba, si tano. Kimaasai nacho kina toni, nazo hutenganisha hata mtenda na mtendwa. Kwa hiyo mtu anapoweka mara ya Kimaasai, mara ya Kikuria na mara ya Kiswahili katika mstari mmoja na kusema "tazameni, ni umbo moja", amelinganisha herufi tu. Hajalinganisha maneno. Mpaka jina la mto litakapoandikwa kwa toni zake na urefu wa irabu zake kama linavyosemwa na Mkuria wa Nyamongo, na Mngoreme, na Mmaasai wa ng'ambo, hatuna umbo la kulieleza.

Hata hivyo si kwamba hatuwezi kusema neno lolote. Maelezo ya madoadoa yaweza kupimwa kwa sarufi ya Kimaasai yenyewe, nami nashangaa kwamba hayakupimwa. Kimaasai hutaja mito na mahali pa maji kwa desturi inayojulikana vizuri: neno la maji, enkare, hufuatwa na sifa yake, na sifa hiyo huchukua kiambishi na- kwa kuwa neno la maji ni la jinsia ya kike. Hivyo tuna Ngare Nairobi, maji yaliyo baridi. Na Ngare Nanyuki, maji yaliyo mekundu. Hata neno la maji likianguka, kiambishi hubaki: mji wa Nairobi ni shahidi, na Narok vilevile, yenye weusi ndani yake. Iwapo Mara ni sifa ya Kimaasai, kiambishi chake ki wapi? Na iwapo ni jina la kitu, ki wapi kiambishi cha jinsia, ol- au en-, ambacho majina ya vitu katika lugha hiyo huwa nacho? Naweza kujibiwa kwamba wageni waliolichukua jina walikikata kichwa. Ni kweli, hutokea. Lakini waliolichukua Narok na Nanyuki walikuwa wageni wale wale, wala hawakukata.

Tena, maelezo yenyewe yaeleza kitu gani? Yaeleza nchi: miti na vivuli juu ya majani. Hayaelezi mto. Hali jina lilikuwa la mto kwanza. Hifadhi ya mwaka 1961 ililichukua kutoka kwa mto, na kuliunga na jina la wenyeji wake Wamaasai ndipo ikawa Masai Mara. Neno lililoambiwa ni picha ya mbuga latakiwa lionyeshe jinsi lilivyoteremka kutoka kwenye mbuga mpaka majini, kisha likafuata maji kilomita nyingi mpaka ziwani, kwa watu ambao hawakusema Kimaasai.

Bado kuna shahidi mmoja, ambaye kwa maoni yangu ndiye mkubwa, naye ametulia kimya katika ramani zote. Mto Mara hauitwi Mara tangu chanzoni. Katika miinuko ya Mau hukutana mito miwili, nayo inapoungana ndipo jina Mara linapoanza. Mmoja waitwa Nyangores. Wa pili waitwa Amala.

Msomaji aliyezoea lugha za kando ya Ziwa Viktoria atakuwa amekwisha kuona. Kikuria hakina sauti ya l. Kina r peke yake, na kila neno lenye l linaloingia katika lugha hiyo hubadilika. Jina la kabila lenyewe lashuhudia habari hii kwa upande wa pili: Max Weiss, afisa wa Kijerumani aliyechapisha mwaka 1910 kitabu kikubwa juu ya makabila ya kaskazini ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, aliwaandika Bakulia, kwa l, na watu wengine wa kusini husema Wakulya hata leo, wenyewe hujiita Abakuria. Basi jina Amala likishuka na maji na kuingia katika kinywa cha Mkuria, halina njia ila kuwa Amara. Na Amara hiyo ikiingia katika daftari la karani au msafiri aliyezoea Kiswahili, ambaye ameshajifunza kwamba Abakuria ni Wakuria na kwamba irabu ile ya mwanzo ni pambo la wenyeji, haishangazi ikitoka Mara.

Sisemi kwamba nimethibitisha. Yawezekana Amala na Mara ni majina mawili yaliyofanana, kama farasi na jinamizi la Waingereza. Nimekwisha kutoa mifano ya kutosha ya jambo hilo, wala haingekuwa haki niidai kanuni kwa wengine na kujisamehe mwenyewe. Lakini tofauti ipo. Hapa hatulinganishi maneno ya nchi mbili zilizotengwa na bahari. Twalinganisha majina mawili ya maji yale yale, moja juu na moja chini, na badiliko la l kuwa r katikati lajulikana kwa sababu nyingine mbali na jina hili. Dhana yenye kanuni ya sauti nyuma yake haiwezi kuwekwa sawa na dhana yenye mandhari tu.

Na ikiwa ni jina moja, madoadoa yameingia taabuni. Kimaasai kina l na r, nacho huzitenga. Kikipsigis, kinachosemwa katika bonde la Amala pamoja na Kimaasai, vilevile. Hapana sababu ya Mmaasai au Mkipsigis kulibadili neno la Kimaasai lenye r likawa Amala. Badiliko laelekea upande mmoja tu, kutoka l ya juu kwenda r ya chini. Kwa hiyo naona ya kuwa umbo Mara lilizaliwa chini, karibu na ziwa, katika vinywa vya watu wa Tarime na jirani zao. Wageni walilipokea huko, wakalipandisha mto kwa ramani zao mpaka Kenya. Na huko juu likakutana na neno la Kimaasai linalofanana nalo, ndipo maana ya madoadoa ikapatikana. Farasi wa Fuseli alichungulia kwa njia ile ile.

Hapo bado sijasema Amala yenyewe yatoka wapi, na sitasema. Majina ya mito mikubwa kwa kawaida ni ya kale kuliko watu wanaoyatumia. Katika Ulaya mito ya Don na Dnieper yabeba ndani ya majina yake neno la "mto" la lugha ya Kiirani cha kale, ambayo wasemaji wake walikwisha kuondoka zamani. Na Waingereza huuita mmoja wa mito yao River Avon, yaani, kwa aliyejua lugha ya wenyeji wa kwanza, "Mto Mto". Katika bonde la Mara wamepita watu wengi kabla ya mipaka ya sasa. Wamaasai walienea katika Serengeti nyuma ya Watatoga, ambao wamo hata sasa katika wilaya ya Serengeti. Na Christopher Ehret alidai mwaka 1971, kwa kufuata maneno ya kuazimwa yaliyo katika lugha za Kibantu za huko, kwamba walikuwapo pia Waniloti wa kusini wa kale zaidi na Wakushi. Lugha zao nyingine zimekufa. Jina laweza kuwa la mmoja wao, nalo laweza kuwa na maana ya "mto" tu.

Neno kidogo juu ya Serengeti, kwa kuwa wilaya mbili hizi hutajwa pamoja. Nalo huelezwa kwa Kimaasai, siringet, "nchi tambarare isiyo na mwisho", na hapa maelezo yanaonekana kuwa na nguvu zaidi, kwa sababu yaeleza ile ile nchi iliyopewa jina kwanza, yaani mbuga za kusini na mashariki. Lakini wilaya iliyopewa jina hilo ina makao yake Mugumu, penye vilima, mashamba ya mahindi na mihogo, na vijiji vilivyosongamana. Mtu akiitafuta tambarare isiyo na mwisho sokoni Mugumu hataiona. Jina lilihamishwa na serikali, nayo maana haikuhama pamoja nalo.

Wengine watauliza kwa nini hatuwaulizi wazee. Tuwaulize, ila tujue namna ya kuuliza. Mzee wa Kikuria akiulizwa na mgeni aliyeketi mbele yake na daftari, "Mara maana yake nini?", hatamwacha mgeni aondoke mikono mitupu, atamtafutia maana, kwa adabu na kwa akili, kama vile nilivyotafuta mimi kule kwenye matumbo ya ng'ombe. Jibu hilo lina thamani katika kujua fikira za watu, lakini si historia ya neno. Swali linalofaa ni lile lisiloomba maana. Mto huu mwauitaje mkiwa wenyewe kwa wenyewe? Je, una jina jingine penye kivuko hiki, na jingine kule bwawani? Watu wa upande wa pili husemaje? Mkisema "nakwenda Mara", mwasemaje, na mkisema "maji ya Mara"? Katika majibu ya namna hiyo irabu ya mwanzo, kama ipo, itajitokeza yenyewe. Toni nayo itasikika bila kuulizwa.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji mtu mwenye sikio na kinasa sauti, atakayeanzia kwenye vijito vidogo ambavyo hapana mtalii aliyepata kuvieleza: Tigithe upande wa Tarime, Somoche upande wa Serengeti, na Bologonja ndani ya hifadhi, kisha visima, vivuko na madimbwi ya mamba, kila mahali kwa jina lake katika kila lugha inayolitaja. Kamusi ya Kikuria ya Muniko, Magige na Ruel, iliyotoka mwaka 1996, ni msingi mzuri kwa upande wa kaskazini wa mto. Kwa upande wa kusini, Kingoreme, Kiikoma na Kinata bado vina wazee wanaoyajua majina ya mahali ambapo wajukuu wao hawakuruhusiwa kupakanyaga. Wa kwanza wa kuulizwa ni hao. Na kabla ya kuuliza chochote juu ya Mara, mtafiti huyo apande mpaka Mau, akasikie kwa masikio yake irabu ya mwanzo ya Amala, kama ni ndefu au ni fupi, na kama ni ya juu au ya chini.